Can, could, must, would: jinsi ya kuzitumia kwenye Kiingereza cha kila siku bila kusikika mkali

Kiswahili kina sehemu nyingi za kuweka heshima. Kuna shikamoo, kuna naomba, kuna samahani, kuna "unisaidie" ambayo ni laini kuliko "nisaidie", na hata sauti peke yake inatosha, mtu akisema "nipe chai" kwa upole hakuna atakayemwona hana adabu. Kiingereza hakina shikamoo. Sehemu kubwa ya heshima yake imekaa kwenye vimaneno tisa vifupi ambavyo shuleni tulivikariri kama msamiati wa kawaida tu: can, could, may, might, will, would, shall, should, must. Vinaitwa modali, na ndio maana unamkuta mtu Kiingereza anakijua, tensi zote ziko sawa, ila mgeni akiongea naye anahisi anaamrishwa.

Nafundisha watu wazima, wengi ni wa mapokezi hotelini, wa ofisi za utalii na wanaojiandaa na intavyu, na karibu wote wanakuja na ile orodha ya zamani: can ni kuweza, must ni lazima, will ni "ta", basi. Iache hiyo orodha, inakupoteza. Kabla hujafungua mdomo jiulize kwanza unafanya nini kwa huyo mtu, unamwomba, unamruhusu, unamlazimisha, unamshauri, au unakisia tu jambo usilolijua kwa hakika? Ukishajua hilo neno linakuja lenyewe.

KUOMBA

Tuanze hapa kwasababu hapa ndipo hela na kazi zinapopotelea. "Naomba maji" haina ndugu yake wa moja kwa moja kwenye Kiingereza, kwahiyo mtu anaruka anasema "Give me water" au "I want water". Kichwani kwake amesema naomba. Masikioni mwa mwenzake ametoa amri.

Dukani, mgahawani, na watu mliozoeana, sema "Can I have some water, please?" Hiyo inatosha kabisa na haina shida yoyote. Kwa bosi, mteja, au mtu usiyemjua panda ngazi moja, "Could I have some water, please?" Hiyo could haina uhusiano wowote na wakati uliopita hapo, imewekwa ili kulegeza ombi, mwenzako apate nafasi ya kukataa bila aibu. "May I" ni rasmi zaidi na ni ya kuomba ruhusa, "May I come in?" mlangoni kwa mkurugenzi, "May I ask a question?" kwenye mkutano. Na kila unapotaka kusema "I want" mbele ya mtu usiyemzoea, badilisha iwe "I'd like", ambayo ni would imefupishwa. "I'd like to book a room." "I'd like to apply for this position." Badilisha hiyo moja tu na utaona watu wanavyokujibu tofauti.

Ukimtaka mtu afanye kitu ni hivyohivyo. "You wait here" inakuwa "Could you wait here a moment, please?" "Send me the documents" inakuwa "Could you send me the documents?" "Will you sit down?" ipo kwenye vitabu kama ombi ila kuwa nayo makini sana, ukiisema kwa mkazo kidogo inasikika kama mtu aliyechoshwa na mtoto mtukutu. Tumia could au would uwe salama.

Sasa "Would you mind". Hii inawaumiza watu wengi. "Would you mind waiting?" maana yake ni "utakereka ukisubiri?" kwahiyo anayekubali anajibu "No, not at all". Mteja akikujibu "No" usinune, amekubali. Na kinyume chake, mgeni akikuuliza "Would you mind if I sat here?" na wewe kwa ukarimu wetu wa pwani ukamjibu "Yes! Yes!", kwa maneno umemfukuza, japo uso unacheka. Jibu "Not at all" au "Please do".

Jambo jingine dogo ila wenyeji wanaliona haraka: could ni ya kuombea, sio ya kutolea ruhusa. Mtu akiuliza "Could I leave my bag here?" usimjibu "Yes, you could". Sema "Yes, you can", au "Of course", au "Sure".

KUJITOLEA NA KUKARIBISHA

Kiswahili kinatumia ile e ya mwishoni: nikubebee begi? nifungue dirisha? twende? Wanafunzi wanaitafsiri kavu, "I carry your bag?", na msikilizaji hajui kama ni swali au taarifa. Kiingereza hapo kinataka shall. "Shall I carry your bag?" "Shall I open the window?" "Shall we go?" Wamarekani shall ya "I" hawaitumii sana kwenye maongezi, wao utawasikia zaidi na "Should I open the window?" au "Do you want me to open the window?", zote ni sahihi, chagua kulingana na watu unaoongea nao. Na "nifanye nini sasa?" ni "What should I do now?"

"Ngoja nikuletee" ni "I'll get it for you". Hiyo will ya kuamua papo hapo ni ya thamani sana kwenye huduma. Simu inalia, "I'll get it." Mgeni hana taulo, "I'll bring you one." Ukisema "I am going to bring you one" sio kosa la sarufi, ila linasikika kama ulikuwa na mpango huo toka asubuhi.

SHERIA ZA UMBO

Hizi ni chache na hazina huruma, pitia haraka halafu tuendelee. Modali haichukui s, ni "she can", sio "she cans". Kitenzi kinachofuata kinabaki uchi, hakina s, hakina ed, hakina to: "she can speak", sio "she can speaks" wala "she can to speak". Swali linageuza tu, "Can she drive?", hakuna kuita does. Kukanusha unaongeza not, "she can't drive", sio "she doesn't can". Na modali mbili hazikai pamoja, kwahiyo hakuna "I will can come", ukitaka kusema nitaweza kuja ni "I will be able to come".

Hapo hapo nitaje lile linalosikika Afrika Mashariki nzima mpaka kwenye hotuba za viongozi: "I can be able to". Can ni kuweza na be able to ni kuweza, umesema naweza kuweza. Chagua moja. "Must have to" nayo ni hivyo hivyo.

CAN INAFANYA KAZI AMBAZO KUWEZA HAIFANYI

Sisi tunasema najua kuogelea, najua kuendesha gari, najua kupika. Kwa Kiingereza hiyo "najua" inakuwa can, "I can swim", "I can drive", "I can cook". "I know to swim" haipo, labda useme "I know how to swim". Na kinachonifurahisha ni kwamba zamani sana, kwenye Kiingereza cha kale, can yenyewe ilikuwa na maana ya kujua, kwahiyo hatuko mbali nao kama tunavyodhani.

Halafu kuna milango ya fahamu. Kwenye simu tunasema "nakusikia", na mtu anatafsiri "I am hearing you". Mwingereza anasema "I can hear you". "Sikuoni" ni "I can't see you". "Nasikia harufu ya gesi" ni "I can smell gas". Ukifanya mikutano ya video hii utaihitaji kila siku, "Can you hear me? I can see you but I can't hear you." Ishike kama ilivyo.

Could ya wakati uliopita ni ya uwezo wa jumla, "When I was young I could run ten kilometres." Ila kama ni tukio moja ulilofanikiwa, mfano jana ulichelewa ila ukafanikiwa kulipata basi la mwisho, hapo could haifai, sema "I was able to catch the last bus" au "I managed to catch it". Ukisema "I could catch the last bus" msikilizaji anasubiri umalizie, ungeweza halafu ikawaje? Kwenye kukanusha mgogoro huo haupo, "I couldn't catch it" inakubalika kote.

SI LAZIMA NA MARUFUKU

Ukisoma sehemu moja tu ya makala hii isome hii, kwasababu makosa ya hapa yanaleta hasara.

Lazima tunaijua, must. Mtu akitaka kusema "si lazima" anafanya hesabu rahisi, lazima ni must, basi si lazima ni must not. Hapana. "Must not" ni marufuku, usithubutu. Si lazima ni "don't have to". Angalia tofauti: "You don't have to pay now" ni si lazima ulipe sasa, ukitaka lipa baadaye. "You mustn't pay now" ni usilipe sasa, ni kosa kulipa. Nesi akimwambia mgonjwa "You mustn't eat before the test" alipokuwa anamaanisha kula au kutokula ni hiari yake, mgonjwa atashinda na njaa bure. Geuza, akimwambia "You don't have to eat before the test" wakati anatakiwa awe hajala kabisa, mgonjwa atakunywa uji wake na kipimo kitaharibika. Kwahiyo si lazima = don't have to, au "don't need to", na Waingereza pia wana "needn't". Usifanye = mustn't, au kwa lugha ya kawaida zaidi "you can't", mfano "You can't park here".

Kwenye kukubali, must na have to zinakaribiana ila hazifanani. Must mara nyingi inatoka moyoni mwa anayeongea, "I must call my mother", nimejiamulia mwenyewe. Have to inatoka nje, sheria, ratiba, bosi, hali, "I have to be at work by seven." Kwenye maongezi ya kila siku have to inasikika mara nyingi kuliko must, na kumwambia mteja "You must sign here" ni kali, mwambie "You'll need to sign here" au "Could you sign here, please?" Mahali ambapo must inakuwa tamu ni kwenye ukarimu, "You must try our octopus!", hapo hulazimishi mtu, unamsifia chakula, na mgeni anaelewa hivyo.

Must haina wakati uliopita. Ilibidi niondoke ni "I had to leave", na itabidi niondoke ni "I'll have to leave". Kumbuka hii "ilibidi", Kiswahili chetu kinaitumia kila baada ya sentensi mbili, kwahiyo "had to" utaihitaji sana.

USHAURI

Should ni ya kushauri, "You should see a doctor." Ila bosi akiandika "You should submit the report by Friday", ndugu yangu hiyo ni amri iliyovaa suti, usiichukulie kama maoni. Should pia ni ya kutarajia, "The ferry should be here by four", kwa ratiba ilivyo inapaswa iwe imefika saa kumi, na mteja anaelewa kwamba hujaapa.

"Afadhali uchukue teksi" wengi wanaitafsiri "Better you take a taxi" au "You'd better take a taxi". Hiyo ya pili ni Kiingereza sahihi ila ina kitisho ndani yake, kwamba usipofanya hivyo yatakukuta. Kwa mdogo wako sawa. Kwa mgeni sema "I'd take a taxi if I were you", au "You might want to take a taxi". Hiyo "might want to" iweke mfukoni, ni ushauri laini kuliko wote, na ofisini wanaitumia hata wanapokuambia umekosea: "You might want to check these figures" maana yake namba zako zina makosa, kazirudie.

"Ungeniambia!" ni "You should have told me." Ni lawama. "You could have told me" ni lawama nzito zaidi, ina ndani yake kwamba nafasi ulikuwa nayo na ukanyamaza. Usimwandikie mteja hata moja kati ya hizo.

KUKISIA

Hapa Kiswahili kinafanya kitu kizuri sana. Unampigia mtu hapokei, unasema "atakuwa amelala". Ile "ta" hapo haizungumzii kesho, unakisia kuhusu sasa hivi. Ukitafsiri "He will be sleeping" Kiingereza kinakubali, ila msikilizaji anaweza kufikiri unaongelea baadaye. Kinachotumika zaidi ni must: "He must be asleep." Na "atakuwa amesahau" ni "He must have forgotten."

Pima una uhakika kiasi gani. Una sababu za kutosha, "He must be at home, his car is outside." Huna uhakika, huenda yupo huenda hayupo, "He might be at home", au may, au could, zote tatu zinakaribiana sana na usipoteze usingizi kuzitofautisha, ingawa kwenye maongezi might ndio salama kwasababu may inaweza kuchanganywa na ruhusa. Una uhakika hayupo, "He can't be at home, I've just seen him at the bank." Angalia, kinyume cha "must be" ya kukisia ni "can't be". Ukiweka "mustn't be" umerudi kwenye marufuku.

Kwa yaliyopita ongeza have na umbo la tatu la kitenzi (go, went, gone), kwa kila moja: must have gone, might have gone, can't have gone. Wenyeji wakiongea haraka hiyo have inasikika kama "of", na hata wao wengine wanaandika "could of". Usiwaige. Na "maybe" ya neno moja ni labda, "may be" ya maneno mawili ni huenda ikawa: "Maybe he is sick", "He may be sick".

NGE MBILI, WOULD MOJA

"Ningekuwa na hela ningenunua kiwanja." Nge iko pande zote mbili, na ni sahihi, ndio Kiswahili. Ndio maana watu wanaandika "If I would have money, I would buy a plot". Kiingereza kinaweka would upande mmoja tu, upande wa matokeo. Upande wa if kinarudisha kitenzi nyuma: "If I had money, I would buy a plot." Na "ningejua ningekuja", ambayo majuto yameshapita, ni "If I had known, I would have come." Ijaribu na nge zako mwenyewe, chukua tano ulizosema wiki hii uzigeuze, utaona baada ya muda mkono unaandika wenyewe. Kuna sehemu would inakaa baada ya if, ila hizo ni za adabu, kama "If you would like to follow me, please", karibu unifuate.

Na kwenye imeili rasmi kuna sentensi moja inayobeba would na could pamoja: "I would be grateful if you could send me the form." Ikariri nzima, badilisha mwisho tu.

KWENYE SHERIA NA MIKATABA

Kwenye karatasi za kisheria modali zinabadilika tabia. Shall, ambayo mtaani ni "twende?", kwenye sheria ni wajibu. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania imeliweka wazi kabisa, may inampa mwenye mamlaka hiari ya kufanya au kutofanya, na shall inamaanisha jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27(8), inasema serikali "shall" ichukue hatua ili nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa zisizidi theluthi mbili za jinsia moja, na kwasababu ya neno hilo Wakenya wamepelekana mahakamani miaka na miaka. Ingekuwa may kesi ingekuwa nyingine kabisa.

Kwahiyo ukiletewa mkataba wa pango au wa kazi kwa Kiingereza, pita na kalamu uzungushie kila shall, must na may. "The tenant shall pay for repairs" ni wewe mpangaji unalipa. "The landlord may refund the deposit" ni mwenye nyumba akipenda atakurudishia, asipopenda basi. Omba hiyo may ibadilishwe iwe shall kabla hujasaini. Na nyie wa kompyuta mna ya kwenu, waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 2119, wa 1997, unaoeleza kwamba MUST ni sharti, SHOULD ni fanya hivyo isipokuwa una sababu nzuri, na MAY ni hiari.

MASIKIO

La mwisho ni can na can't. Kwenye sentensi ya kawaida can haitamkwi "keni" kwa nguvu, inamezwa, inakuwa kama "kn": "I kn COME", mkazo uko kwenye come. Can't inabeba mkazo yenyewe: "I CAN'T come". Na Wamarekani ile t ya mwisho mara nyingi hawaitoi, kwahiyo ukisubiri usikie t utapotea, sikiliza mkazo. Mswahili kwa asili anatamka kila silabi kamili, akisema "I CAN come" kwa nguvu mwenzake anaweza kusikia can't na akaondoka akijua huji. Legeza can yako. Na kwenye simu yenye mtandao mbovu, kama jambo ni zito, miadi, malipo, dawa, achana kabisa na can't, sema "I'm not able to come on Monday", halafu mwombe akurudie: "Could you repeat that back to me, please?"